Bendera Nyekundu Ufuoni



Wewe huniuliza mara kwa mara: "Mwalimu, msamiati wote huu ni wa nini?" Leo nitakujibu kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi kama wewe.

Dada yangu anaishi Almería, kusini mwa Uhispania. Aliponialika likizo, tulipanga kupumzika siku chache San José, kijiji kidogo cha pwani katika hifadhi ya Cabo de Gata. Sikutaka kuwa mgeni bubu. Nikanunua daftari, na kila jioni, baada ya kusahihisha kazi zenu, nikaandika maneno kumi ya Kihispania.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Irabu za Kihispania ni tano, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Herufi "h" mwanzoni mwa neno haitamkwi: "hola", neno la salamu, husomwa "ola". Tena nilikutana na ndugu waliopoteana. "Mesa" ni meza, neno tulilolipata kwa Wareno. "Azúcar" ni sukari, na "hasta", yaani mpaka, lina asili moja na "hata" yetu. Chimbuko lao ni Kiarabu.

Nikakariri maneno ya raha: "playa", ufuo, "agua", maji, "pescado", samaki. Nikaongeza ya adabu: "por favor", tafadhali, "gracias", ahsante. Nikajiona nimehitimu. Maneno ya hatari niliyaruka, kwani si nilikuwa naenda kupumzika?

Asubuhi ya pili nilimwacha dada amelala, nikaenda ufuoni peke yangu. Nimelelewa Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, na kuogelea najua. Maji yalikuwa yamenifika magotini bibi mmoja aliponipigia kelele kutoka mchangani: "¡Cuidado! ¡Peligro!" Nikadhani ananisalimu. Nikampungia mkono, nikajibu "Gracias!" na kusonga mbele. Akapaza sauti tena, kidole kikielekea juu: "¡La bandera!"

Neno hilo likanisimamisha. Bandera... bendera! Nikageuka. Juu ya mlingoti ilipepea bendera nyekundu, ambayo katika fuo za Uhispania humaanisha kuwa kuogelea kumekatazwa. Hapo ndipo nilipohisi maji yakiuvuta mchanga chini ya nyayo zangu. Nikatoka, magoti yakitetemeka. Bibi yule akanishika mkono, akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto: "Peligro." Hatari. Nikalirudia mpaka akaridhika.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini utalisikiaje la mkuu ikiwa lugha yake huijui?

Hapa Uganda, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ila wengi wetu tungali na maneno machache ya sokoni tu. Utakapovuka mpaka kwenda Kenya au Tanzania, usibebe maneno ya kununulia chakula peke yake. Beba ya adabu, kisha beba ya kukuokoa: hatari, simama, nisaidie. Na usipoelewa, usikimbilie kujibu "ahsante" kama nilivyofanya mimi. Kiri kwamba hujaelewa, uulize. Hakuna aibu katika kuuliza.

Daftari lile ninalo hadi leo. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, niliongeza maneno mawili niliyopaswa kuanza nayo: "no entiendo", sielewi.