Shujaa Mteule Huteuliwa na Nani?

Ndugu msomaji, hakuna nyumba isiyokuwa na hadithi ya shujaa. Watu wa pwani wanaye wao, watu wa ziwani wanaye wao, na nyumba zetu za hapa Sokon I, jijini Arusha, zilizojaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, zina mashujaa wa kila kabila. Watoto huzisikia hadithi hizo, na siku hizi huzicheza pia. Maana yule shujaa ambaye zamani alikaa kinywani mwa bibi, sasa anakaa ndani ya simu na kompyuta. Hilo peke yake si baya. Lakini ndani ya hadithi hizo, za zamani na za sasa, mna swali moja ambalo mzazi hafai kuliacha lipite bila jibu. Shujaa mteule huteuliwa na nani, na kwa sababu ipi?

Nauliza kwa kuwa swali hili limeingia nyumbani kwangu. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 17, amemaliza Kidato cha Nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Alikuwa ameanza kujifunza useremala kwa fundi mmoja wa mtaani petu, mtu mtulivu na mwenye subira. Baada ya matokeo akaacha kwenda. Akawa anashinda ndani na kompyuta ya mtumba aliyonunuliwa na mama yake, akicheza mchezo wa mapanga na uchawi. Nilipomwuliza kwa nini haendi tena kwa fundi, alinijibu kwa adabu, bila ukali wowote: "Babu, kuna watu waliozaliwa na jambo lao. Mimi sikuzaliwa na kitu."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi kuliko hayo matokeo yenyewe. Kijana aliyefeli mtihani aweza kusaidiwa. Kuna kurudia, kuna ufundi, kuna biashara. Bali kijana anayeamini kwamba alifeli siku aliyozaliwa, utaanzia wapi kumsaidia? Nikaona si vema kumpokonya kompyuta, wala kumhutubia. Nilivuta kiti, nikamwomba anieleze huyo shujaa wake.

Akanieleza. Mchezo wenyewe unaitwa The Elder Scrolls III: Morrowind, nao ulitolewa Marekani mwaka 2002. Shujaa wake anaanza akiwa mfungwa. Anafunguliwa kwa amri ya mfalme mkuu kwa sababu alizaliwa siku fulani, na wazazi wake hawajulikani. Mambo hayo mawili yanalingana na utabiri wa kale kwamba shujaa aliyekufa zamani, jina lake Nerevar, atarudi katika mwili mwingine. "Umeona, Babu?" akasema. "Alizaliwa hivyo."

Nikamwambia aendelee. Ndipo yakaja mambo ambayo yeye mwenyewe aliyapita haraka haraka. Kumbe kabla ya huyo mfungwa walikuwapo wengine waliodhaniwa kuwa ndio wateule. Walijaribu, wakafa kabla ya kuikamilisha kazi, na roho zao zinakaa katika pango moja. Mteule anapofika humo huzungumza nao, nao humpa vitu vya kumsaidia njiani. Tena, hata akitoka pangoni hawezi kujitangaza. Sharti aende kwa koo kuu tatu na makabila manne ya nchi ile, kila moja kwa wakati wake, awatumikie, ajibu maswali yao, mpaka wenyewe wamkubali na kumpa jina. Bila ya kukubaliwa na watu, ile siku yake ya kuzaliwa haimfikishi popote.

Nilimwuliza, "Basi, ni siku ya kuzaliwa iliyomfanya mteule, au ni hayo yote mengine?" Alinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa ukimya wa kijana anayefikiri haufai kukatizwa.

Ndugu msomaji, jambo hili si la michezo ya kigeni peke yake. Tazama mashujaa wetu wenyewe. Nani katika Afrika Mashariki hajasikia habari za Fumo Liyongo wa Pate, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913? Ukimwuliza mtoto wa shule Liyongo alikuwa na ajabu gani, atakuambia upesi kwamba mwili wake haukudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Ni kweli, hadithi yasema hivyo. Lakini hebu tufikiri. Mtu huyo mwenye nguvu kupita wote alipotiwa gerezani, ni nini kilichomtoa? Si misuli yake. Alitolewa na mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate duni ambao askari wasingeutamani. Na alitolewa na Saada, yule kijakazi aliyekuwa akimpelekea chakula. Alitolewa pia na watu waliopiga ngoma kwa kelele nje, ili sauti ya tupa ikikereza chuma isisikike. Wote hao hawakuzaliwa na mwili wa ajabu.

Na kilichomwua ni nini? Ni ile siri ya mwili wake. Mwanawe alirubuniwa kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme, akamdadisi baba yake, akaambiwa, akaja na sindano ya shaba. Kile kilichomtenga Liyongo na wanadamu wengine ndicho kilichokuwa mlango wa kifo chake.

Ukivuka kwenda upande wa Ziwa Viktoria, kwa Wajaluo wa Kano, utamkuta Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka. Maadui zake Wanandi hawakumweza vitani, wakampelekea msichana mzuri awe mke wake. Siku alipougua, mke alitaka kumchanja ili amtie dawa, naye akamwambia achanje kivuli, si mwili. Mke akaiona damu ikitoka kivulini, akatoroka usiku, akawaambia ndugu zake. Vita vilivyofuata walikichoma mkuki kivuli, naye akaanguka, akageuka jiwe. Hadi leo jiwe laoneshwa katika nchi ile, na husemwa kwamba wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake kwa ajili ya baraka.

Hadithi mbili, mahali mbalimbali, lakini mafunzo yake yanakutana. Kipawa cha kuzaliwa nacho ni kitu kimoja tu, chenye siri moja tu, na siri ikishatoka kimekwisha. Wazee waliotunga hadithi hizi hawakutaka watoto watamani ngozi isiyopenya mkuki. Naamini walitaka watoto waone jinsi mtu huyo alivyowahitaji wengine, na jinsi alivyoangamia pale waliomzunguka walipomgeuka.

Historia yetu nayo inasema vivyo hivyo. Mwaka 1905 kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, akiwaambia kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Maji hayakuzuia risasi, na Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mwezi Agosti mwaka ule ule. Hata hivyo vita viliendelea hadi mwaka 1907, kwa sababu makabila ambayo hapo kabla hayakuwa na neno moja yalikuwa yamekwisha kuunganishwa. Dawa ilishindwa; umoja ulidumu kuliko dawa.

Sasa turudi hapa kwetu. Jirani zetu Waarusha, wenyeji wa eneo hili, kila rika lao lina msemaji wake, laigwanani. Yeye naye ni mteule. Lakini mizani yake si ubavu wala wingi wa ng'ombe. Wenzake wa rika humtazama tangu ujana: nani anasikiliza kabla ya kusema, nani anajua kuyapanga maneno, nani akiingia kati ya wagomvi wawili wanatoka wakiwa wamepatana. Akishateuliwa, hapewi mapumziko, bali hupewa kazi. Kila shauri la ardhi, la mipaka, la mifugo, la ndoa, hana budi kuwapo na kusimama kwa ajili ya wenzake.

Na upande wa pili wa mlima huu tunaouona kila asubuhi, kaskazini-mashariki ya Meru, kuna mahali paitwapo Engare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ili yafanywe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakuwa na bunduki wala maji ya dawa. Walikuwa na kahawa yao, wakauza, wakachangishana fedha, wakamteua mmoja wao, Kirilo Japhet, aende New York kulifikisha shauri lao kwa Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mwanasheria Earle Seaton, mtu mweusi wa kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alikwenda pamoja naye. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza yaliyowapata watu wake. Hayo yalikuwa miaka 3 kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama mbele ya baraza hilo hilo, Machi 1955.

Nilipofika hapo katika kumsimulia mjukuu wangu, aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja: "Akashinda?"

Nikamwambia ukweli. Hakushinda. Desemba 1952, shauri lilipofika katika Baraza Kuu, kura za kuwaunga mkono Wameru hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi haikurudishwa. Kirilo alirudi nyumbani bila ya kile alichotumwa.

"Sasa ushujaa wake uko wapi?"

Uko hapo hapo, nikamjibu. Aliyeshindwa si aliyeteuliwa kimakosa. Kirilo aliporudi hakujificha. Alizunguka sehemu mbalimbali za nchi akiwaeleza watu habari za Engare Nanyuki, na watu ambao hawajapata kuuona mlima Meru wakatambua kwamba lililowapata Wameru laweza kuwapata wao. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilipozaliwa, kilikuta mbegu hiyo imekwisha kupandwa katika vifua vingi. Baadaye ardhi yenyewe ilirudi mikononi mwa Wameru. Wala hakuna aliyewahi kusema kwamba Kirilo alikuwa na ngozi ya jiwe au kivuli chenye damu. Alikuwa mtu kama wewe, mwenye mwili unaochoka. Sifa yake ni kwamba watu walimpa jambo lao, naye akalibeba, na lilipoanguka akaliokota akaendelea nalo.

Kijana hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole kwamba wale wa pangoni katika mchezo wake nao hawakushinda, lakini mshindi hakuweza kushinda bila yao. Hilo sikumfundisha mimi.

Sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba kesho yake alfajiri aliamka na kushika randa. Alikwenda kwa fundi wiki iliyofuata, akaacha siku mbili, akaenda tena. Hivi sasa anakwenda. Fundi amempa kazi ya kupiga msasa viti vya mteja mmoja, kazi inayochosha mikono na isiyokuwa na sifa yoyote, naye anaifanya. Jioni bado anacheza mchezo wake, nami simkatazi.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua kwamba katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mji huu kuna kijana kama huyu. Hapigi kelele, haibi, hanywi. Amekaa tu, akiwa amekwisha kujihukumu kwamba si mteule. Wazazi, aghalabu tunakosa muda. Tunatoka asubuhi kuwahi kazini, tunarudi jioni tumechoka, tunauliza "umekula?" na "umesoma?", basi. Hatuulizi anaamini nini juu ya nafsi yake. Tena sisi wenyewe, pasipo kukusudia, humsifu mtoto mmoja kwamba "huyu amezaliwa na akili," na yule mwingine aliyeketi kando anasikia, anafanya hesabu yake kimya kimya.

Basi tuangalie maneno yetu. Mtoto akifanya vizuri, tumsifu kwa kazi aliyoifanya, na kwa mtu aliyefaidika na kazi hiyo. Akishindwa, tusimwambie kwamba haikuwa bahati yake. Tumwulize hatua inayofuata ni ipi, na nani aweza kumsaidia kuipiga, kwa maana hata Liyongo alihitaji tupa ya mama yake. Na kila mtoto, mkubwa au mdogo, tumpe jambo moja la nyumba ambalo ni lake, ambalo asipolifanya litalala: kuchota maji, kumsomea bibi barua, kutengeneza mlango unaokwama. Mtu huanza kujiona mteule siku anapojua kwamba kuna watu wanaomtegemea.

Jumapili hii, baada ya chakula, mwulizeni mtoto wenu shujaa wake ni nani, mkamsikilize mpaka mwisho bila kumcheka. Kisha msimulieni wa kwenu.