Ndege Niliowatunga Mida

Nimewahi kuandika kwenye daftari ndege ambao sikuwaona.

Nilikuwa nikijitolea katika kituo kimoja cha ndege karibu na hori ya Mida, Watamu. Kazi kubwa ya Aprili ilikuwa kuwahesabu ndege wa pwani kabla hawajarudi kwao: vitwitwi, sululu, na wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wanaokula kaa.

Hesabu hiyo huamuliwa na maji. Yakipwa, ndege hutawanyika topeni na huwamalizi. Yakijaa ya bamvua, saa kumi hivi alasiri, tope lote hufunikwa, nao husongamana kwenye mchanga uliobaki. Sululu hupanda hata mikokoni. Muda wako na darubini ndio huo tu.

Siku hiyo nilikuwa Gede kwenye kibanda cha mpira. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, nami nikabaki. Tuktuk iliponifikisha Mida, maji yalishaanza kurudi na mchanga ulikuwa mtupu.

Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza kwamba hesabu haikufanyika. Mimi nikafunua ukurasa wa bamvua iliyotangulia, nikachukua idadi zangu mwenyewe, nikazipunguza kidogo, maana Aprili ndege huondoka na idadi isiyopungua ingenishtaki. Nikahakikisha hakuna inayoishia na sifuri. Hilo la sifuri ndilo linaloniuma hadi leo. Mvivu angeacha nafasi wazi. Mimi nilifanya kazi.

Bamvua iliyofuata, mwenzangu alikuta ndege wachache mno. Mkuu wa kituo alifurahi: kwa kulinganisha karatasi zetu, aliona amepata wakati walioondoka. Akawaeleza wageni kwamba vitwitwi wenye mdomo uliopinda, wanaokwenda kuzaa kaskazini mwa Siberia, na hawa wala kaa, ambao huelekea pwani za Ghuba na Oman kutaga yai moja moja ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, mwaka huu wamechelewa. Ushahidi wa kuchelewa ulikuwa mimi. Labda walishaondoka. Labda walikuwapo nikiwa Gede, tena wengi kuliko nilivyowaandika.

Nilinyamaza msimu mzima. Nilijiambia idadi ile haikuwa mbali na ukweli, kwa hiyo haikumdhuru mtu. Kumbe ubaya wake ulikuwa papo hapo. Kupungua kwa ndege hawa hujulikana kwa kulinganisha karatasi za mwaka huu na za miaka iliyopita, na idadi ya kubuni inayofanana na ya kawaida haitiliwi shaka na yeyote. Ningeandika upuuzi mtupu, wangeufuta siku ile ile.

Msimu uliofuata nilimwambia mkuu. Hakunifokea. Aliuliza ni siku gani, akaipiga mstari. Kisha akauliza, "Na hizi nyingine, kijana wangu?"

Nikamwambia ni za kweli, na zilikuwa za kweli. Akanitazama, akachukua rula, akazipiga mstari hesabu zangu zote za msimu ule, pamoja na ile ya jioni ya Machi niliposimama majini hadi magotini nikiwahesabu wala kaa upya na upya, kwa kuwa kundi lilikuwa kubwa na sikutaka kukosea.