Niliing'arisha karabai ya Babu, nikaumbuka

Desemba 1998 nilitoka Dar kwenda kwetu Kishanda, Muleba, kwenye send-off ya dada yangu. Pale nyumbani umeme ulikuwa bado ndoto. Mwanga wa shughuli zote za ukoo, iwe harusi iwe msiba, ulitoka kwenye karabai ya Babu, Petromax ya Mjerumani. Nilikuwa na miaka 19, nimevaa raba mpya, na nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima.

Nilipoiona ile taa nikasikitika. Tangi linang'aa vizuri, lakini kofia yake ya juu ina madoa tupu: hapa rangi ya chai ya maziwa, pale zambarau, na upande mmoja bluu iliyokoza kama shingo ya njiwa. Nikasema huu ni uchafu wa miaka. Babu alikuwa kwenye migomba. Nikachukua mchanga, majivu na stiliwaya, nikasugua saa nzima. Madoa yakatoka kweli, na nikeli nayo ikatoka kidogo, shaba ya njano ikaanza kuchungulia.

Babu aliporudi akaishika, akaizungusha mara mbili.

"Waitu mjukuu wangu, ule upande wa bluu umeupeleka wapi?"

Nikacheka. Nilidhani mzee ananitania.

Sasa msomaji wangu, zile hazikuwa rangi za kupaka wala masizi. Chuma au nikeli ikipata moto mkali hushikana na hewa, ikajivika ngozi nyembamba mno. Mwanga ukiipiga ngozi hiyo unarudi na rangi, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi. Unene wa ngozi ndio unaoamua rangi. Kwa chuma safi, nyuzi 230 hivi hutoa rangi ya majani makavu, 280 zambarau, 300 bluu. Wahunzi wanazijua rangi hizi sana, na kwetu uhunzi si jambo la jana: pale Katuruka, Bukoba Vijijini, zimechimbuliwa tanuri za chuma za zaidi ya miaka 1,500. (Taa zenye kofia ya rangi ya kuchomwa, ile ya vikombe vya bati, zina vituko vyao. Coleman nyekundu ya Marekani ikipamba moto kofia hukaribia weusi, ikipoa wekundu unarudi wenyewe.)

Kwa hiyo kofia ya Babu ilikuwa inaonyesha moto unapita wapi. Kile kichwa cha udongo kinachobeba utambi kilikuwa kimelegea, kinaegemea upande mmoja. Kila jioni kabla ya kuwasha, mzee alitazama bluu iko wapi, akakinyoosha kichwa kutoka upande huo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akifanya hivyo, au niliona nikadhani ni mikogo ya wazee.

Siku ya send-off nikajitwisha mwenyewe ufundi wa taa. Nikapiga pampu mpaka ikavuma, nikaitundika katikati ya turubai, wageni wakashangilia. Saa tatu usiku, wakwe ndiyo kwanza wanajitambulisha, utambi uliokuwa umelalia kioo ukatoboka. Ulimi wa moto ukakipiga kioo. Paa! Vipande vikaangukia sinia la senene, giza likatanda, na bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa sauti kama huko ndiko wanakooa.

Tulimalizia kwa chemli mbili za kuazima. Dada hakunisemesha mpaka siku ya harusi. Babu hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi alikaa barazani na ile kofia mapajani, akipapasa kwa kidole gumba akitafuta mahali ambapo bluu ilikuwa.

Mzee alishatangulia. Taa ninayo mimi, hapa Sinza, na umeme ukikatika naiwasha. Kofia imeshaanza kupata rangi ya chai upande ule ule. Juzi mwanangu wa kwanza aliniomba aisugue ipendeze. Nimeifungia kabatini, na ufunguo natembea nao.