Nyungunyungu wa Migombani Buganda

Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka huvuka mstari wa Ikweta karibu na Kayabwe, na kando ya barabara huona migomba kwa migomba. Shamba la namna hiyo Waganda huliita lusuku, nako ndiko yatokako matoke, chakula chao cha kila siku. Lakini wafanyakazi wake wengine hawaonekani barabarani, wamo udongoni.

Nchi hiyo hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ttoggo, ya Machi hadi Mei, na ddumbi, ianzayo karibu na Septemba. Nyungunyungu huifuata kalenda hiyo kwa uaminifu kuwashinda wakulima wengi. Hana mapafu, huvuta hewa kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa. Mvua zikikolea hukaa karibu na uso wa ardhi, hula majani yaliyooza, hutaga mayai, na asubuhi vijirundo vya kinyesi chake huonekana juu ya udongo.

Januari na Februari mambo hugeuka. Mwenye kulima shamba tupu la mahindi hutimua vumbi asione nyungunyungu hata mmoja, akasema ardhi imekufa. Hiyo ni hukumu ya haraka. Baadhi yao wameshuka chini penye unyevu. Wengine wamejikunja kama fundo la uzi ndani ya kijishimo walichokipaka ute, wamelala bila kula wakingoja mvua. Wako pia wanaokufa kweli, ila mayai yao hubaki udongoni ndani ya vifuko vigumu.

Mwaka 1968 wataalamu W. Block na W. B. Banage walichapisha utafiti juu ya wingi na uzito wa nyungunyungu katika udongo wa sehemu kadhaa za Uganda. Kazi hiyo yataka subira, maana hesabu ya Aprili na ya Februari hazilingani hata katika shamba lile lile.

Ndani ya lusuku kiangazi hakina ukali ule. Akina mama, ambao kwa desturi ndio watunzaji wake, hutandaza chini majani makavu ya mgomba na vigogo vilivyopasuliwa. Chini ya matandazo unyevu hudumu, na nyungunyungu huchelewa kulala. Matundu yake hupitisha maji ya mvua, na kinyesi chake kina rutuba kupita udongo unaokizunguka. Mkulima hodari hutandaza kabla mvua hazijakatika, tena huacha nafasi kuzunguka shina, kwa kuwa fukusi wa migomba hupenda kujificha penye ubaridi na majimaji.

Majani hubaki shambani, mikungu haibaki. Malori huipeleka Kampala, na huko maganda yake hulishwa ng'ombe na mbuzi, au hutupwa jaani. Kwenye lusuku hayarudi.