Baiskeli, shilingi 45,000 na swali la fundi

Wiki tatu sijaandika kitu hapa. Sikuugua, na kompyuta haikufa. Nilikuwa natafuta baiskeli ya milimani. Sisi watu wa programu tuna tabia yetu: hatununui kitu kabla ya kukitengenezea jedwali. Jedwali langu lilifika safu 14, kisha fundi mmoja wa Kawangware akalifuta lote kwa swali moja.

Kwanza mjue ninakopita. Naishi Kawangware, na mama yuko Kibera, pale Makina nilikozaliwa. Jumapili nashuka Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, nashika Ngong Road mpaka Adams Arcade, napita Toi Market na kuingia Makina. Katikati ni lami. Kipande cha mwisho kila upande ni mawe na mitaro, na mvua ikinyesha ni matope matupu.

Miaka miwili iliyopita nilinunua baiskeli mpya inayong'aa: springi mbele, springi nyuma, gia 21, shilingi 14,000 tu. Nilijiona mjanja. Mwezi wa nne, nikiteremka kutoka Makina kuelekea reli, waya wa breki ya mbele ulichomoka, na ya nyuma haikushika. Nilisimamishwa na ukuta wa mabati. Nilishonwa nyuzi saba kidevuni, na aliyenifuta damu ni mama.

Kwa hiyo nilipomwambia nimeweka 40,000 za baiskeli nyingine, alinyamaza. Akaingia ndani, akarudi na 5,000 za chama chake.

"Hizi ni za breki," akasema. "Usizichanganye na za rangi."

Basi nilikuwa na 45,000, na sikuwa na ruhusa ya kukosea.

Jambo la kwanza lilikuwa rahisi: springi za mbele tu, nyuma fremu ngumu. Kwa bei ya kati, springi ya nyuma ni mzigo. Inameza nguvu ya miguu kila ukikanyaga pedali, inaongeza uzito, na ina viungo vinavyolegea ambavyo vipuri vyake hupati mtaani. Fremu isiyo na kiungo haina cha kulegea. Ni kama programu: kipande ambacho hukukiandika hakiwezi kuharibika.

Nikabaki na mbili. Ya kwanza mpya dukani, magurudumu ya inchi 29, breki za mafuta, shilingi 44,000. Ya pili mtumba, fremu ya alumini, inchi 26, breki za diski zinazovutwa kwa waya, gia za Shimano, shilingi 29,000. Kwenye jedwali langu ile mpya ilishinda kwa alama 9.

Nikampelekea mzee mmoja fundi, ambaye kibanda chake hakiko mbali na kwangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana, siku itakapokufa, utakuwa wapi?"

"Njiani, mzee."

"Na mimi nitakuwa na nini hapa?"

Akaonyesha ukutani: tyubu za inchi 26, waya za breki, spoki, mkebe wa gololi. Tairi la 29 hakuwa nalo. Mafuta ya breki hakuwa nayo, wala kifaa cha kutoa hewa kwenye mpira wake.

Nisieleweke vibaya. Breki za mafuta zinashika vizuri zaidi kwa nguvu ndogo ya kidole, na gurudumu kubwa linavuka mashimo kwa urahisi. Kama duka lenye vifaa liko karibu nawe, nunua. Lakini breki hizo zina masharti: nyingine zinatumia mafuta ya madini, nyingine mafuta ya aina ya DOT, na ukichanganya unaharibu mipira ya ndani. Waya unauzwa kila mahali. Safu ya 15, ambayo sikuiandika, ilikuwa "nani ataitunza". Kazini ninalijua swali hilo vizuri, na bado nililisahau.

Yule mzee akanifundisha kukagua mtumba, nami nawapa bure:

Cheni: pima kwa rula viungo 24, pini hadi pini. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, ibadilishe. Ikizidi kwa 1/8, huenda meno ya gia nayo yameliwa.

Uma wa mbele: bana breki, bonyeza usukani kwa uzito wako. Ukirudi juu kwa kuruka kama kitanda cha springi, ndani hakuna kinachoutuliza. Unatakiwa urudi polepole. Ukiona kutu kwenye miguu yake inayong'aa, achana nao.

Tairi: usisome inchi, soma milimita zilizochapwa ubavuni. 26 ya milimani ni 559, 27.5 ni 584, 29 ni 622. Na 28 ya Black Mamba ya babu? Ni 635! Ndiyo, rimu ya 28 ni kubwa kuliko ya 29. Nani aliyesema ni sisi tu wenye majina mabovu?

Fremu: pitisha kidole kwenye kila mshono wa kulehemu. Ukipata ufa, rudi nyumbani.

Hapo Kikuyu, si mbali na Kawangware, David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz wanajifunza kutengeneza baiskeli pamoja na kuziendesha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alianza kwa Kinjah na baiskeli ya milimani, kisha akashinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi mtumba wangu utafika Paris.

Hesabu ya mwisho: baiskeli 29,000, cheni, waya, pedi za breki na tairi mbili 7,500, helmeti 3,500, kufuli na pampu 2,500. Zimebaki 2,500, nazo ni za mzee wangu siku itakapokufa.

Jumapili nilifika Makina na matope mpaka magotini. Mama hakuangalia rangi. Alishika usukani, akabana breki zote mbili, akaisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote. Haikusogea.

"Haya, ingia unywe chai," akasema.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.