Uko Main?

Ukiwaambia watu Nairobi kwamba ndugu yako amepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, swali la kwanza huwa si anasomea nini. Ni hili: "Yuko main?" Huulizwa kwa tabasamu, lakini ni mizani. Main ni bewa lile la katikati ya jiji, pale University Way na Harry Thuku, ambalo kila mtu hulitaja akisema "chuo". Kwingine kote ni "ile ingine".

Mdogo wangu alipangiwa ualimu, na ualimu husomewa Kikuyu. Mjomba aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni Kikuyu. Haya, si haba." Hiyo "si haba" ilimuuma mdogo wangu kuliko tusi.

Lakini ukweli ni kwamba chuo hiki kina kawaida ya kutawanyika. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1956, kilipokuwa Royal Technical College. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa tawi moja la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu 2011, alisomea sheria Dar es Salaam. Sidhani kuna aliyemuuliza kama yuko main.

Nairobi ilipojitegemea 1970, mtawanyiko ukahamia ndani ya jiji na viunga vyake. Mwaka 1983 chuo kiligawanywa kuwa vyuo vidogo sita, kila kimoja na mkuu wake. Mwaka 2021 mpangilio huo ukavunjwa, vikabaki vitivo. Majina yalibadilika, umbali haukubadilika. Toka main ufuate barabara kuelekea magharibi: sayansi wako Chiromo, karibu na Museum Hill. Biashara wako Lower Kabete. Kilimo na madaktari wa mifugo wako Upper Kabete. Endelea na Waiyaki Way, pita Kangemi, Uthiru, Kinoo, hadi jiji limeisha na umeingia Kiambu. Hapo ndipo Kikuyu, na hapo ndipo wanafunzwa watakaofundisha watoto wa wale wote wanaouliza kuhusu main.

Mimi naishi Kangemi, katikati ya safari hiyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, chuo kingine kabisa, pesa zilipokwisha nyumbani. Sasa naandikia wateja, wengi wao wa nje. Kuna mmoja aliyetaka makala kuhusu Barrett, chuo cha wanafunzi bora ndani ya Arizona State University kule Marekani. Kilianzishwa 1988 na kiko katika mabewa manne. Nilichopenda ni kwamba mwanafunzi wake ni wa Barrett popote alipo, awe Tempe au katikati ya Phoenix. Ule ubora anatembea nao.

Sisi hatuna chuo kama hicho. Kwetu hilo neno honours hungoja mwisho, kwenye cheti. Wastani wa 70 kwenda juu ni first class, 60 ni second upper, 50 ni second lower, na 40 ni pass tu. Mizani ya Kikuyu ndiyo hiyo ya Chiromo, na cheti hakiandiki ulikuwa unashukia stage gani.

Hata hivyo, umbali una bei. Maktaba kubwa, ile ya Jomo Kenyatta, iko main. Mihadhara ya jioni na wageni mashuhuri, mara nyingi ni main. Komredi wa Kikuyu akitaka hayo anahesabu nauli, jam ya Westlands na giza la kurudi. Mwenye pesa haoni umbali huo. Asiye nazo hujifunza kuchagua: leo maktaba au chakula.

Kwa hivyo Jumamosi mdogo wangu hushukia kwangu akitoka mjini. Tunanunua chapo madondo kwa mama wa kibanda, halafu anatumia laptop yangu mimi nikilala. Jioni moja aliacha kuandika ghafla.

"Mama anasema nisome kwa niaba ya wawili," akasema. "Kila akinipigia. Mimi siwezi kubeba vyeti viwili."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilijua Mama hakumaanisha vibaya. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili yangu, na mtu aliyeuza ng'ombe wawili ana haki ya kutafuta pale walipoenda. Lakini niliona pia kwamba huyu mtoto anaitwa mdogo mara mbili: mjomba anapima bewa lake, Mama anampimia mahali nilipoachia mimi. Hata apate first class, nusu yake itakuwa imeshachukuliwa.

Usiku huo nilimpigia Mama. Nilimwambia masomo yangu yaliishia pale yalipoishia, na kwamba kazi ninayofanya inalipa kodi ya nyumba, ingawa haina picha ya kutundika ukutani. Nikamwambia mtoto anasoma yake tu, na akipata second lower akaenda kufundisha Kiswahili shule ya kata, huo ni ushindi kamili, haujapungua.

Simu ilinyamaza hadi nikafikiri salio limeisha.

"Sawa," akasema mwishowe. "Nimesikia. Sasa mwambie avae sweta. Huko Kikuyu kuna baridi."