Ukurasa Mmoja Kila Mwisho wa Mwezi

Wote, Makueni

Mpwa wangu mpendwa,

Huku jua ni kali na mvua bado tunaingoja. Mama yako alipita hapa akielekea Kibwezi, akaniachia barua yako. Nimefurahi kwamba hujaiacha azma yako ya kuandika. Lakini umesema Kitui hakuna kinachotokea, na kwamba mwandishi hana budi kuhamia Nairobi. Hilo silikubali, mwanangu, na ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Nakuomba ufanye hivi. Kila mwezi unapokwisha, andika ukurasa mmoja au miwili kuhusu sanaa uliyoishuhudia: ngoma uliyoitazama, wimbo uliousikiliza, kitabu ulichosoma, fundi uliyemtembelea, na ulichokitunga mwenyewe. Taja watu, mahali, na maoni yako. Mwezi ambao hukutoka nyumbani, andika kwamba hukutoka, na sababu.

Na kuhusu madai kwamba Kitui hakuna kinachotokea: Mulango si mbali na hapo ulipo. Huko ndiko alikozaliwa John Mbiti mwaka 1931. Ulimwengu unamjua kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mimi nampendea zaidi ile kazi ya kukusanya ngano za Wakamba, alizozichapisha mwaka 1966 katika Akamba Stories. Ngano hizo zilisimuliwa jioni katika vijiji ambavyo mpita njia angesema havina kitu. Yeye alisikiliza, akaandika. Hata baada ya kuishi miaka mingi Uswisi, alikofariki mwaka 2019, hakuiacha lugha ya kwao: alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki.

Wewe anza na kilumi. Ni ngoma ya wazee, hasa akina mama, na asili yake ni ibada: kuomba mvua, kutuliza roho, kuponya. Ukisikia kwamba itapigwa mahali, usiende mbio ukiwa umenyoosha simu. Mtume mtu mzima akuombee ruhusa, beba cha kuchangia, kaa pale utakapoonyeshwa. Tazama nani anaanzisha wimbo na nani anaupokea, mpigaji anaishikaje ngoma yake, na watu wanavyobadilika kadiri usiku unavyosonga. Baadaye waulize lipi laweza kuandikwa na lipi si la karatasi. Wakisema hili liache, liache. Katika ukoo wetu wapo waliookoka wasiotaka hata kuitaja ngoma hiyo. Waandike nao, maana mabishano yao ni sehemu ya habari. Katika kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, vijana wamekuwa wakiwaonyesha wageni ngoma za Wakamba, wakiruka na kupinduka kwa ustadi ninaouheshimu sana. Ila hiyo ni ngoma iliyopunguzwa itoshee muda wa mgeni. Wewe umepata bahati ya kuikuta ikiwa bado ina kazi yake.

Vyondo navyo usivitazame sokoni tu, maana pale utaona rangi na bei. Tafuta mama anayesuka, uketi naye. Mwone anavyousokota mkonge pajani hadi ukawa uzi, anavyoanzia kwenye kitako cha kiondo, anavyoongeza rangi bila kupima. Muulize rangi ameitoa wapi, kiondo kimoja kinamchukua muda gani kati ya shamba na jiko, na mchuuzi anamlipa ngapi. Iandike bei hiyo. Anayesifu uzuri wa kiondo asitaje alicholipwa msusi ameandika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo nzito.

Ukipata nauli, vuka uende Wamunyu, upande wa Machakos. Uchongaji wa vinyago ulioenea Ukambani unahusishwa na Mutisya Munge, aliyerudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waulize wachongaji wa leo wanatumia mti gani. Mpingo na muhugu vimeadimika kwa kukatwa kupita kiasi, kwa hiyo utakuta wengine wamegeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda.

Kuhusu muziki sitakuchosha. Msikilize Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, aliyeimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1987. Sikiliza gita linavyomjibu mwimbaji, kisha umtafute mzee aliyezicheza nyimbo hizo ujanani akueleze zilichezwa wapi.

Mashindano ya maigizo ya shule yakifika, nenda ukae tangu asubuhi. Kuna walimu wanaotunga mchezo, wanafundisha watoto hadi giza linaingia, wanashona mavazi kwa pesa zao, na shule ikitolewa mapema hakuna anayewakumbuka. Hapa ndipo kalamu yako inapohitajika kuliko popote. Na mchezo ukiwa dhaifu, sema ni dhaifu na useme ni wapi, kwa maneno ambayo ungeweza kumsomea mwalimu huyo usoni, maana kesho mtapanda matatu moja. Kumsifu kila mtu ni kutomchukulia yeyote kwa uzito.

Vitabu visikupige chenga. Kuna maktaba Mwingi, na huku kwetu kuna ya Kithasyu na ya Kinyambu. Msome Kyallo Wadi Wamitila, Nguvu ya Sala kisha Bina-Adamu!, uone Kiswahili kinavyoweza kubeba mambo mapya. Msome pia David Maillu wa Kilungu. Vitabu vyake vya miaka ya sabini viliwakasirisha wengi, Tanzania ikavipiga marufuku, na baadhi mimi mwenyewe sivipendi. Lakini alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, akawapata wasomaji ambao hawakuwa na desturi ya kununua vitabu.

Siku ukipanda jiwe la Nzambani huko kwenu, utasimuliwa kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Hadithi hiyo imeandikwa mno. Mwandike anayeisimulia: sauti yake, na anavyomwangalia mgeni anapofika mara ya saba.

Usingoje Januari wala daftari jipya. Anza na mwezi huu, na ukurasa wako wa kwanza nitumie kabla ya tarehe tano ya mwezi ujao. Nitausoma wote na kukurudishia na maoni yangu pembeni.

Ni mimi mjomba wako